Ini la Adui

Nchi ya Uteketeke haimo katika ramani, na wachache waliowahi kufika huko hawakubaliani iko upande gani wa milima. Wanachokubaliana ni kwamba watu wake huongea taratibu mno, kwamba madaktari wake wa maini hawana mfano, na kwamba mtu akitoka huko hukaa muda mrefu hajui hasa alichokiona. Mmoja wa waliofika ni Nakijwa binti Senzia, mkulima wa tangawizi kutoka milima ya Upare. Haya ndiyo yaliyomfika, kama alivyoyasimulia mwenyewe bila kutia chumvi.

Alikwenda kwa ajili ya mdogo wake, Mbonea. Mbonea alikuwa fundi wa redio na simu pale sokoni, mtu wa mizaha, mpaka homa ya ini iliyomkalia kimya kimya kwa miaka ilipoligeuza ini lake likawa gumu kama ganda la mti. Macho yakawa ya njano, tumbo likajaa maji, miguu ikavimba. Madaktari wa nyumbani wakasema hakuna dawa iliyobaki ila kulitoa ini hilo na kumwekea kipande cha ini la mtu mwenye afya, wa damu yake. Kipande kitakua, na pale alipokatwa mtoaji napo pataota. Ndugu wakakaa kikao. Mmoja akasema ana presha, mwingine akasema ana sukari, wa tatu akatoka nje kupokea simu asirudi. Nakijwa akasema, "Mimi nitatoa." Alilisema haraka, kama mtu anayeruka mtaro, na kabla miguu haijagusa upande wa pili alikuwa ameshaogopa.

Walipofika Uteketeke, Mbonea alibebwa kwa machela moja kwa moja hadi wodini. Nakijwa akazuiwa mlangoni. Hapo alisimama mzee mnene mwenye uso wa ukunjufu, ameshika mwiko kama askari ashikavyo rungu. Huyu ndiye Mzee Takrima, Msimamizi wa Mlango.

"Shikamoo, mzee wangu," Nakijwa alisema.

"Marahaba," akajibu mzee, na neno hilo moja alilivuta mpaka Nakijwa akadhani limekatikia njiani. "Karibu, mwanangu. Kabla ya lolote, kula."

"Nashukuru, mzee. Ila nimeambiwa napimwa sasa hivi."

"Ndiyo maana nakwambia kula. Hapa kwetu mgeni hapimwi na njaa. Hiyo ni Sheria ya Chungu. Mtu akishakula ndipo anakuwa mgeni. Asipokula, hatujui ni nani."

Akapakuliwa wali uliokuwa ukitoa mvuke, nyama ya mbuzi yenye mafuta, ndizi za kukaanga, na bakuli la mchuzi. Mzee akasimama kando yake, mdomo wake ukitafuna alipotafuna yeye, akifurahi kwa kila tonge. Nakijwa hakuwa na moyo wa kumvunjia heshima mzee wa watu. Akala mpaka akalegeza kanga.

Katika kula kwake aliona kwamba kila apitaye ana kitambaa begani, na rangi zao zinatofautiana. Akauliza. Mzee Takrima akamweleza kwa fahari.

Watu wa Uteketeke, alisema, huamini kama bibi zetu wote walivyoamini, kwamba huruma hukaa kwenye ini. Ndiyo maana mtu akiumizwa sana husemwa maini yamemkatika. Ila wao walikwenda mbele zaidi. Ilipoingia nchini mashine ya kupima ugumu wa ini kwa ajili ya wagonjwa, wenye hekima wao walishangilia, maana sasa wema wa mtu ungeweza kupimwa kama nguo dukani. Ini laini, mtu laini. Ini gumu, mtu mgumu. Wakaweka madaraja: Pamba, Mkate, Gamba na Jiwe. Kitambaa cheupe ni cha Pamba, na ni Pamba peke yao wanaoweza kuhukumu, kufundisha na kutawala. Mtu wa Gamba haruhusiwi kutoa ushahidi. Mtu wa Jiwe huishi ng'ambo ya mto, na salamu yake haiitikiwi.

"Na mgonjwa wa ini, mzee? Mdogo wangu ini lake ni gumu kweli kweli."

"Huyo ni mgeni, tena mgonjwa. Jiwe lake ni la maradhi, tunamhurumia. Jiwe la mtu mwenye afya ndilo la tabia."

"Mnayatofautishaje, na mashine ni ile ile?"

Mzee Takrima alimsogezea bakuli. "Ongeza mchuzi," akasema.

Chumba cha kupimia kilikuwa safi na baridi. Daktari Sihaba, mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha kijivu begani, alimlaza Nakijwa chali, mkono wa kulia juu ya kichwa, akampaka ute wa baridi ubavuni. Kisha akaweka katikati ya mbavu kifaa kidogo, kama kile wanachopimia wajawazito kuona mtoto.

"Shusha pumzi, tulia," alisema. "Utasikia kama kidole kinabisha hodi. Si zaidi ya hapo. Sauti inaingia, wimbi linapita ndani ya ini. Kwenye ini laini wimbi linajikokota kama mtu kwenye tope. Kwenye ini gumu linakimbia kama gari kwenye lami. Mashine inapima mbio zile."

Kifaa kikabisha hodi. Kikabisha tena na tena. Nakijwa alitazama dari. Hapo, na jambo hili alilieleza baadaye bila kujitetea, kuna sauti ndani yake ilisema: *Ikatae. Mashine, nikatae, nirudi nyumbani salama.*

Sheria ya huko inataka majibu yatangazwe kwa sauti. Daktari Sihaba alifumba macho kidogo, akatangaza: "Gamba."

Sauti ikafika hadi ukumbini, kwa waliokuwa wakingoja zamu. Mama mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mlango alisogeza kiti chake.

"Maana yake nini?" Nakijwa aliuliza.

"Maana yake huwezi kutoa. Kwanza, ini gumu halifai kupandikizwa. Pili, kwa sheria yetu, aliye na ini gumu hatoi kwa hiari. Anatoa kwa mdomo tu."

Nakijwa aliketi kitandani, ute bado unamteremka ubavuni. Kilichomchanganya si kukataliwa. Ni kwamba alipokataliwa alijisikia mwepesi, na wepesi ule ukamtia aibu, na aibu ile ikamfanya aiogope mashine. Ilijuaje? Yeye mwenyewe hakuwa amemwambia mtu kwamba anaogopa.

Akaenda wodini. Mbonea alikuwa amelala ubavu, tumbo limetunishwa na maji, lakini macho yake ya njano yalicheka alipomwona.

"Dada, mimi wamenitangaza Jiwe," alisema. "Kwa sauti kubwa, kama timu iliyofunga bao. Wewe je?"

"Gamba."

"Loo! Ukoo wetu umejaa vifaa vya ujenzi." Kisha akaacha kucheka. "Sasa itakuwaje?"

"Watapima tena. Kuna ruhusa ya kupima mara ya pili."

"Na ikiwa vile vile?"

Nakijwa alimfunika miguu ile iliyovimba, akabonyeza kidogo kwa kidole bila kukusudia, na shimo la kidole chake likabaki kwenye ngozi ya mdogo wake, halikutaka kurudi.

Ruhusa ya kupimwa tena ilikuwepo kweli. Ila kwa Sheria ya Chungu, anayerudi kupimwa ni mgeni upya, na mgeni upya hula upya. Tena, kwa kuwa alitangazwa Gamba, Mzee Takrima alimwonea huruma akamwongezea. Akampa kitoweo cha kondoo, na maziwa ya mgando, na vitumbua. "Ulaini huanzia tumboni," alimbembeleza. "Kula, mwanangu, ulainike." Akala, akaenda, akalala chali, kifaa kikabisha hodi.

"Jiwe," Daktari Sihaba akatangaza, na safari hii sauti yake ilikwaruza.

Mtu mwenye afya kuwa Jiwe, tena mgeni, ilikuwa habari kubwa. Nakijwa akaitwa mbele ya Mheshimiwa Mororo, mkuu wa Baraza la Maini. Alikuwa mtu wa umbo zuri, kitambaa chake cheupe kimepigwa pasi, na alizungumza taratibu kuliko wote, kwa kuwa katika nchi ile wanasema maneno ya haraka hutoka kwenye ini gumu.

"Unampenda ndugu yako?" aliuliza.

"Nampenda."

"Umejibu haraka."

Nakijwa akangoja. Akasema pole pole, "Nam... penda."

"Safari hii umefikiri kwanza," Mheshimiwa alisema kwa huzuni. "Mtu anayempenda nduguye hafikiri."

"Sasa nijibuje, Mheshimiwa?"

"Usinijibu mimi. Ini limeshajibu. Mtu husema uongo, lakini sauti inayopita ndani yake haina sababu ya kusema uongo. Rudi kwenu, dada yangu. Ndugu yako tutamtunza kwa upole mpaka siku yake ifike."

Maneno hayo yalikuwa laini kama siagi, na yalimkata maini. Alitoka akaketi kwenye ngazi za hospitali akajaribu kufikiri. Akaona kwamba kila anachokishika kina ncha mbili. Kama mashine inasema kweli, basi yeye ni mtu mbaya aliyejifanya mwema hata mbele ya nafsi yake. Kama mashine inadanganya, mbona iliisikia hofu yake? Na kama haikuisikia, ilisikia nini?

Daktari Sihaba alimkuta hapo. Alitazama kulia na kushoto kabla ya kuketi ngazi ya chini yake.

"Mashine haidanganyi," alisema taratibu. "Wala haisemi kweli. Inasema mbio za wimbi, basi. Mtu akila, damu nyingi inakwenda tumboni kubeba chakula, na yote inapitia kwenye ini. Ini linajaa, linakaza, kama kiriba kilichotiwa maji. Ukilipima wakati ule utapata ugumu usiokuwepo. Kwa kawaida mtu anapaswa kupimwa na njaa."

"Sasa mbona mnanilisha?"

"Kwa sababu wewe ni mgeni."

"Na hawa raia wenu?"

"Raia hupimwa siku ya karamu ya taifa, baada ya kula, ili wote wapimwe bure kwa pamoja. Wakubwa hupimwa majumbani mwao, asubuhi, kabla ya chai."

Nakijwa alimtazama. "Na Mheshimiwa Mororo?"

"Kabla ya chai."

"Daktari, mbona husemi?"

Daktari Sihaba aligusa kitambaa cha kijivu begani mwake. "Nilikuwa Pamba. Nilisema. Wiki ile ile nilialikwa kwenye karamu, nikapimwa mlangoni wakati wa kutoka. Sasa mimi ni Gamba. Naruhusiwa kuendesha mashine, na kujibu maswali ya mwili tu."

Daktari akainuka, akajipangusa nguo, akasema kama anayejisemea, "Kuna watu wa aina moja tu ambao hapa kwetu hawalishwi kabla ya kupimwa. Maadui."

"Na mtu anakuwaje adui?"

"Anakataa chungu."

Nakijwa aliyapima maneno hayo usiku kucha, na asubuhi akawa hajaelewa kama ameshauriwa au ameonywa. Lakini alipopita wodini alimkuta Mbonea akimwita muuguzi kwa jina la marehemu mama yao. Sumu ambayo ini lilishindwa kuichuja ilikuwa imeanza kumpanda kichwani. Hapo hakungoja aelewe. Akashuka mlangoni na kuomba kupimwa mara ya tatu.

Mzee Takrima alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa amempikia mwenyewe safari hii, pilau, na juu yake ameweka mayai yaliyomenywa vizuri. "Leo utalainika," alisema.

"Mzee wangu, sili."

Mzee alidhani hakusikia. "Unasema?"

"Nakataa chungu."

Watu waliokuwa karibu walirudi nyuma. Mzee Takrima alibaki ameinua mwiko, wali ukidondoka punje punje. Hakukasirika kwanza. Uso wake ulisinyaa kama wa mtoto aliyenyang'anywa kitu, na Nakijwa, ambaye kwao kukataa chakula cha mzee ni jambo asilolifikiria hata ndotoni, alitamani ardhi immeze.

"Nimekukosea nini?" mzee aliuliza.

"Hujanikosea kitu."

"Basi kwa nini?"

Angemweleza nini? Kwamba ukarimu wake ndio unaomuua Mbonea? Askari wakaja wakamchukua.

Chumba cha Maadui kilikuwa kikavu na kimya. Hakupewa ila maji. Asubuhi yake akapelekwa kupimwa, kwa kuwa sheria inataka uadui uthibitishwe kwa mashine, na wote waliokuja kushuhudia walijua kitakachotangazwa. Kifaa kikabisha hodi. Daktari Sihaba alirudia, akarudia tena, asije akaambiwa amekosea. Kisha akatangaza, na ukumbi ukaguna:

"Pamba."

Nakijwa akadhani yamekwisha. "Basi sasa naweza kutoa," alisema.

"Huwezi," alisema askari mmoja kwa upole. "Adui hatoi zawadi. Anayetoa zawadi ni mgeni."

"Lakini nikiwa mgeni mnanilisha, nikilishwa nakuwa Jiwe."

"Ndiyo."

"Na nisipolishwa ni Pamba, lakini ni adui."

"Umeelewa vizuri," askari akasema, na alionekana kumfurahia kwa dhati. Nakijwa ndipo alipocheka, kicheko kibaya ambacho hakukijua kama ni chake.

Baraza likakutana mchana huo, baada ya chakula. Wajumbe waliketi wamelegea vitini. Nakijwa akasimamishwa katikati, Daktari Sihaba akawekwa pembeni kwa ajili ya maswali ya mwili, na Mzee Takrima akaja kama mlalamikaji, mwiko bado uko mkononi.

Mjumbe wa kwanza alisema kuwa namba iliyotoka kwa adui ni namba ya adui, na haifai kuaminiwa. Wa pili akasema la hasha: mashine haina upande, na kama mtu anaweza kutoka Jiwe hadi Pamba kwa kulala na njaa, basi njaa ni shule ya wema, na ni vyema watu wa Jiwe walioko ng'ambo ya mto wapunguziwe chakula. Hoja hii iliwapendeza wengi, wakaijadili kwa muda mrefu. Mwingine akataka kujua kama ni njaa ya usiku au ya mchana. Mheshimiwa Mororo akawatuliza. "Mimi ni Pamba tangu ujana wangu," alisema, "na sijawahi kukosa mlo." Wakampigia makofi, taratibu.

"Mheshimiwa," Nakijwa aliuliza, "wewe hupimwa kabla ya kula au baada ya kula?"

Makofi yakakatika. Wajumbe wakatazama viatu vyao. Mheshimiwa Mororo akatabasamu.

"Adui haulizi," alisema, na hilo likaisha hapo.

Ndipo Mzee Takrima aliposimama. "Mimi sijui namba," alisema. "Mimi nimepika, nimekataliwa mbele za watu. Chungu changu kimetukanwa. Nataka fidia. Nataka Sheria ya Chungu isomwe yote, mpaka mwisho wake."

Mwisho wake hakuna aliyeukumbuka ila yeye. Akaukariri bila kusita: *Atakayekikataa chungu, akatwe mahali ambapo chakula kingepita, na kilichokatwa ni mali ya chungu.* Haikuwa imetumika tangu enzi za mababu. Wajumbe walichangamka, wengine waliketi wima.

"Chakula hupita wapi?" Mheshimiwa Mororo aliuliza. "Hilo ni swali la mwili."

Daktari Sihaba alisogea mbele. "Hushuka tumboni na utumbuni, Mheshimiwa. Kisha damu hukibeba, na mahali pa kwanza inapokifikisha ni kwenye ini."

"Basi na akatwe ini."

"Lote, Mheshimiwa?"

"Sisi si wakatili. Kipande. Kiasi cha kumwachia maumivu."

"Upande wa kulia ni mkubwa zaidi."

"Wa kulia, basi."

"Na kipande chenyewe?" aliuliza mjumbe mmoja.

"Ni mali ya chungu," alisema Mzee Takrima, "na chungu ni cha wageni." Alikuwa akitazama juu, kwenye dari, kana kwamba anahesabu mbao. "Sijui kama yuko mgeni mwenye haja nacho."

"Yuko mmoja," alisema Daktari Sihaba.

Mheshimiwa Mororo alifurahi kuona adhabu na ukarimu vimekaa katika sentensi moja. Akatamka hukumu: adui Nakijwa akatwe kipande cha ini, kipande kipewe mgeni Mbonea, na isisemwe popote nchini kwamba amekitoa. Kimechukuliwa.

"Mheshimiwa," alisema Nakijwa, "nahukumiwa kutoa kile nilichokuja kutoa?"

"Ndiyo," alijibu Mheshimiwa kwa upole mkubwa. "Na iwe fundisho."

Wakati wa kutoka, Nakijwa alimsogelea Mzee Takrima kwenye korido. "Mzee wangu, niambie kweli. Umeniadhibu au umenisaidia?"

"Mgeni wangu," mzee alianza, kisha akajisahihisha, "adui wangu. Mimi nimekasirika sana." Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta. Akaondoka na mwiko wake. Nakijwa hakupata kujua, na anasema hadi leo akilikumbuka jambo hilo huona mara hivi, mara vile.

Asubuhi ya upasuaji, Daktari Sihaba alimkuta amekwisha kuvalishwa gauni la hospitali. Alimweleza yote bila kuficha: kwamba damu inaweza kutoka nyingi, kwamba nyongo inaweza kuvuja, kwamba wapo watu wenye afya walioingia chumba kile kwa miguu yao wasitoke. Kisha akaonyesha mlango mdogo nyuma ya pazia.

"Ule unatokea bondeni," alisema. "Adui akikimbia hafukuzwi. Hiyo nayo ni sheria. Mimi nakwenda kunawa mikono, na mimi hunawa kwa muda mrefu."

Akatoka.

Nakijwa aliuendea mlango akaufungua. Nje kulikuwa na njia yenye umande, na mwanamke asiyemjua alikuwa akianika nguo, akiimba kitu bila maneno. Hakukuwa na mashine hapo, wala mtu wa kutangaza. Kwenye kikao cha ukoo alijibu kabla hajafikiri. Hapa walimkataa, kisha wakamlazimisha. Katika safari nzima hakuna aliyemwachia nafasi ya kutaka au kutotaka, na sasa ameachiwa, na hakujua aifanyie nini.

Alitafuta ndani yake sababu kubwa, ya kusimulika, ya upendo usio na doa. Hakuiona. Aliona hofu, iko pale pale. Aliona pia ile alama ya kidole kwenye mguu wa Mbonea, shimo lisilotaka kurudi. Upepo wa bondeni ulikuwa wa baridi, na gauni lile lilikuwa jepesi. Alisimama mpaka mwanamke yule akamaliza kuanika nguo zake, akachukua beseni, akaingia ndani. Nakijwa akaufunga mlango, akarudi kitandani, akalala chali.

Daktari Sihaba aliporudi, mikono yake ikichuruzika maji, alimtazama, akautazama mlango. Kwa mara ya kwanza alizungumza haraka, maneno yakigongana. "Haya dada tuanze basi, tuanze, mdogo wako hawezi kungoja."

Kuamka kulikuwa kugumu kuliko kulala. Nakijwa aliamka mara nyingi, kila mara kwenye maumivu mapya, akazama tena, mpaka siku moja akaamka na hakuzama. Kitanda cha pili kilikuwa karibu naye. Mbonea alikuwa ameegemezwa mito, mipira imemtoka tumboni na puani, amekonda kama ufito. Lakini weupe wa macho yake ulikuwa umeanza kurudi.

"Dada," alisema kwa sauti iliyokauka, "umeamka? Sikiliza. Wauguzi wananiambia mambo ya ajabu. Wanasema wewe walikukataa."

"Walinikataa."

"Wanasema hili ini limetoka kwa adui wa nchi. Mtu mbaya sana, alitukana chungu cha mzee mmoja, akahukumiwa akatwe." Akavuta pumzi, akapumzika. "Nimelala hapa namfikiria mtu huyo. Hata kama ni mbaya. Nataka nimjue, nimshukuru. Wewe umesikia ni nani?"

Nakijwa alitafuta namna ya kulisema kwa utaratibu. Haikupatikana.

"Mbonea, adui ni mimi."

Mbonea alimtazama usoni. Akayashusha macho mpaka kwenye bandeji iliyozunguka tumbo la dada yake, akayapandisha tena. Midomo ikamcheza, na Nakijwa hakujua kama atalia au atacheka. Naye mwenyewe alikuwa hajui ni lipi kati ya hayo angeliweza kulistahimili na nyuzi zile mwilini.

"Basi Mungu anizidishie maadui," alisema Mbonea.

Akauliza ilikuwaje. Nakijwa akamweleza, siku ile na siku zilizofuata, kidogo kidogo: chungu, na Baraza, na mzee aliyelia kwa hasira au kwa huruma. Alimweleza yote. Habari ya mlango mdogo nyuma ya pazia hakumwambia, wala hajamwambia hadi leo.